UZI: Vesi ya mistari 16 kwa shindano la remix – kuandika, kurekodi kwa simu, mitindo huru, mpaka kutuma faili

KinaNaMizani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Prodyuza akitupia biti mtandaoni na kusema "tuma vesi yako", maswali yanayofuata ni yale yale: mistari mingapi, nirekodi na nini, mbona sauti yangu inaburuta nyuma ya biti. Tuyaweke yote hapa. Naanza na uandishi, maana vesi nyingi zinafia kwenye daftari kabla maiki haijawashwa.

Hesabu kwanza. Biti ya kuchana (kurap) ina mapigo 4 kwa kila mstari. Kwenye tempo ya 90, yaani mapigo 90 kwa dakika, mstari mmoja unakula sekunde 2.67 na mistari 16 inakula sekunde 43 hivi. Shindano likisema "dakika moja", una mistari 4 ya utangulizi, mistari 16 ya vesi, na sekunde 6 za kumalizia. Muda ukibaki, uache. Majaji wanasikiliza vesi nyingi kwa mkupuo na anayejaza mistari 22 anawachosha.

Sasa kila pigo ligawe mara 4. Mstari unapata vijumba 16. Ukiweka silabi moja kila kijumba kwenye tempo ya 90, unatamka silabi 6 kwa sekunde. Inawezekana, ila hakuna pa kuvuta pumzi. Silabi 11 hadi 13 kwa mstari ndipo mtu anachana kwa raha na maneno yanasikika. Mistari iliyojaa kabisa iweke miwili au mitatu tu, pale unapotaka kumshtua msikilizaji.

Hapa Kiswahili kina jambo lake. Neno moja linaweza kumeza nusu ya mstari: "nitakapowaambia" ni silabi 8. "Nikiwaambia" ni 6, "nikisema" ni 4, na maana haijapungua sana. Ukiona mstari umebana, usikimbize ulimi. Badilisha kitenzi.

La muhimu kuliko yote ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: karaTAsi, mDUndo, KAsi. Na kwenye biti, sikio linangoja snea, ule mpigo mkali unaokata kwenye pigo la 2 na la 4. Kwa vijumba vyetu, hicho ni kijumba cha 5 na cha 13. Silabi yenye mkazo ya kina chako ikitua hapo, mstari unagonga hata kama maneno ni ya kawaida. Ikitua pembeni, mstari unayumba na mchanaji hajui kwa nini.

Chukua mstari huu:

*Kalamu na karatasi, mdundo wanipa kasi*

Silabi 8 kwa 8. Ukianza "ka" juu ya pigo la kwanza, TA ya "karatasi" inaangukia kijumba cha 7. Umeikosa snea kwa vijumba viwili. Dawa ni kuanza nusu pigo mapema, mstari uliotangulia ukiwa unaisha:

ka (15) la (16) | mu (1) na (2) ka (3) ra (4) TA (5) si (6) m (7) du (8) ndo (9) wa (10) ni (11) pa (12) KA (13) si (14)

TA juu ya snea, KA juu ya snea. Kiki (ule mpigo mzito wa chini) ya pigo la kwanza inaangukia "mu", silabi isiyo na mkazo, na haidhuru kitu. Rudia taratibu huku ukipiga meza kwenye 2 na 4 tu, utaisikia ikikaa.

---

PwaniMizani

Shukran ndugu yangu kwa kufungua hivi. Niongeze kidogo kutoka huku Mombasa.

Hiyo 8 kwa 8 uliyoandika si bahati. Ni mizani ya shairi, 16 kwa mshororo, na kina cha kati na cha mwisho. Ndicho kipimo cha Muyaka bin Haji katika karne ya 19, na mashairi yake ya kujibizana na watu wa Lamu yalikwenda kwa kipimo hicho hicho. Mtu aliyesoma mashairi shuleni tayari ana mstari wa rap mdomoni, kilichobaki ni kujua aanzie wapi kwenye biti.

Ila kuna mitego mitatu ya mkazo ambayo haionekani kwenye karatasi.

Wa kwanza ni -ni ya mahali. "Mtaa" mkazo uko kwenye TA. "Mtaani" mkazo unahamia kwenye A inayofuata, kijumba kimoja mbele. Kwa hiyo ukibadilisha neno la mwisho kutoka "mtaa" kuwa "mtaani", mstari mzima uanze kijumba kimoja mapema, la sivyo unakosa snea. Watu wengi hubadilisha neno dakika ya mwisho mbele ya maiki, kisha wanashangaa mstari umeharibika.

Wa pili ni maneno mafupi kama "mtu" na "mji". Mkazo wake uko kwenye ile "m". Ukiyaweka mwisho wa mstari, kinachotua juu ya snea ni mdomo uliofumbwa, na snea inaumeza. Sukuma "mtu" katikati, mwisho malizia kwa neno lenye irabu wazi.

Wa tatu ni maneno yasiyofuata kanuni. "Barabara" ya kupita magari hukazwa kwenye RA ya tatu, baraBAra. "Barabara" ya kumaanisha sawasawa hukazwa mapema, baRAbara. Anayejua tofauti hii anaweza kupiga panchi, yaani mstari wa kushtua, kwa neno moja mara mbili, na jaji anayeijua lugha ataishika papo hapo.

---

KinaNaMizani

PwaniMizani, ahsante sana. Nirekebishe herufi kwenye hiyo ya barabara ili wanaosoma wasichanganyikiwe: silabi ni ba-ra-ba-ra, ya njia inakazwa BA ya tatu, ya sawasawa inakazwa RA ya pili. Hoja yako iko palepale.

---

PwaniMizani

Kweli, ni BA. Ahsante kwa kunirekebisha.

---

chipukizi_temeke

Wakuu, kuna jamaa alisikiliza vesi akasema vina ni dhaifu wakati kila mstari unaisha na "a". Shida iko wapi? Na biti ya shindano lenyewe ni 140, ni kasi mno.

---

KinaNaMizani

Shida ni hiyo hiyo "a", kaka. Vitenzi vya Kibantu karibu vyote vinaishia na "a", kwa hiyo "nakuja", "nalala" na "napenda" vinaishia herufi moja bila wewe kufanya kazi yoyote. Sikio la Mswahili limeizoea na halihesabu kama kina. Vivyo hivyo "-ni" ya mtaani, hewani, zamani. Inafaa mara moja moja, ila vesi nzima ya "-ni" inasikika ya uvivu.

Kina chenye nguvu kinashika kuanzia irabu yenye mkazo mpaka mwisho. Tengeneza kapu la vina:

-asi: karatasi, nafasi, wasiwasi, risasi, farasi, nanasi, almasi, kasi
-oja: moja, pamoja, hoja, ngoja, vioja
-eti: ubeti, tiketi, soketi, jaketi, roketi, keti
-ungu: chungu, uchungu, kifungu, rungu, mafungu

Ona kapu la -eti limejaa maneno ya kukopa. Hayo ni hazina, kwa sababu msikilizaji hayategemei kukutana na "keti" na "ubeti". Badilisha kapu kila mistari 4. Mistari 8 kwa kapu moja tayari inachosha, isipokuwa una maneno ya ajabu kweli.

Biti ya 140 ichukulie kama 70. Ukisikiliza, snea inapiga mara moja pale ulipotegemea mara mbili. Kwa 140 vijumba vinakimbia silabi zaidi ya 9 kwa sekunde, ulimi utafungana. Kwa 70 ni karibu silabi 5 kwa sekunde, unapumua vizuri, halafu sehemu moja tu unaruka kwenye mwendo wa haraka kwa nusu mstari. Hiyo sehemu moja ndiyo watu watairudia.

---

FundiMitambo

Naona uandishi umekaa. Nije kwenye kurekodi, kwa sababu vesi nzuri zinatupwa kila shindano kwa makosa ya sauti yanayozuilika bila hela.

Kosa namba moja: hedifoni za Bluetooth. Sauti inachelewa kufika sikioni, mara nyingi milisekunde 100 hadi 300 kutegemea simu na hedifoni. Kwa tempo ya 90 kijumba kimoja ni milisekunde 167. Maana yake unachana juu ya biti iliyopita zamani, na mkazo wote ambao KinaNaMizani ameupanga unatua kijumba kimoja au viwili nyuma. Tumia hedifoni za waya. Simu isiyo na tundu la hedifoni, nunua kile kiunganishi kifupi cha USB-C.

Hata kwa waya bado kuna kuchelewa kidogo ndani ya simu, na hupishana simu na simu. Lipime mara moja tu kwa simu yako. Weka metronomu icheze kwenye programu ya kurekodi, bana sikio moja la hedifoni kwenye maiki ya simu, rekodi sekunde 10. Kuza mchoro wa sauti, tazama "tik" iliyorekodiwa iko nyuma ya "tik" halisi kwa milisekunde ngapi. Namba hiyo iandike. Kila vesi utakayorekodi, isogeze kushoto, yaani ianze mapema zaidi, kwa namba hiyo. Kwenye BandLab na programu kadhaa kuna sehemu ya kufidia hilo kwenye mipangilio.

Kosa namba mbili: kucheza biti kwenye spika huku unarekodi. Biti inaingia kwenye maiki, na prodyuza hawezi tena kuitenganisha vizuri na sauti yako. Shindano linahitaji sauti kavu, peke yake.

Chumba. Kuta tupu na dari ya bati vinarudisha sauti, inakuwa kama unachana ndani ya ndoo. Khanga ukutani haisaidii, ni nyepesi mno. Kinachosaidia ni uzito: godoro limesimamishwa nyuma yako, blanketi zito limekunjwa mara mbili upande wa mbele, au kabati lililojaa nguo likiwa wazi mbele ya uso. Zima feni na friji, weka simu kwenye hali ya ndege. Kwenye nyumba ya bati usirekodi mvua ikianza, hata manyunyu yanaingia.

Umbali kutoka mdomoni hadi maiki ni shubiri moja, na maiki iwe pembeni kidogo ya mdomo, isikutazame usoni. Maneno kama "papo kwa papo" na "pesa" yanatupa pumzi, na pumzi ikigonga maiki moja kwa moja inatoa mshindo ambao huutoi tena. Maiki ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaji. Hakikisha kidole hakijaiziba na kava haijaifunika.

Kiwango cha sauti: kilele kiwe kati ya -12 na -6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Jaribu kwa mstari wako mkali kuliko yote, si kwa "moja mbili". Ikigusa 0 inapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi kuwa safi kwa programu yoyote. Sauti ndogo kidogo inaongezeka baadaye bila shida.

Rekodi vesi nzima mara 3 bila kusimama. Chagua iliyo na roho, kisha rekebisha mistari miwili au mitatu mibovu kwa kuingilia katikati. Ukirekodi mstari mmoja mmoja kuanzia mwanzo, kila mstari unaanza na nguvu ile ile na pumzi ile ile, inasikika kama orodha ya tangazo.

Ukimaliza, rekodi dabo: rudia maneno ya mwisho ya kila mstari tu, yale yenye kina, uyashushe karibu 6 hadi 8 dB chini ya sauti kuu. Dabo ya vesi nzima inahitaji mtu anayerudia kwa usahihi mkubwa, la sivyo maneno yanapata ukungu.

---

chipukizi_temeke

Mkuu FundiMitambo, na kuchanganya sauti na biti? Nikisikiliza kwenye hedifoni iko poa, kwenye simu biti inanizika.

---

FundiMitambo

Biti uliyopewa imeshakuzwa mpaka juu. Ishushe kwanza, anza na -6 dB, ndipo uweke sauti yako. Wengi wanaacha biti ilivyo na kupandisha sauti, vyote vinagonga dari.

Kwenye sauti, kata kila kitu chini ya 90 Hz. Punguza 2 hadi 3 dB kati ya 250 na 400 Hz ile sauti ya ndoo ikiwepo. Kompresa (inayobana sauti kali) uwiano wa 3 kwa 1, ishushe 4 hadi 6 dB kwenye mistari mikali. "S" na "sh" zikichoma, zishushe kati ya 6 na 8 kHz. Mwangwi kidogo sana: ukiusikia wazi, umezidi. Kisha sikiliza kwa spika ya simu, sauti chini. Kama unapata kila neno hapo, umemaliza. Ukikosa neno, tatizo kwa kawaida ni matamshi, rudi kurekodi.

Ila soma masharti. Mashindano mengi yanataka sauti kavu bila mwangwi wala kompresa, prodyuza anachanganya mwenyewe. Hapo usiguse kitu zaidi ya kukata ukimya.

---

BitiZaUsiku

Niongelee upande wa pili, maana remix si wachanaji tu. Kuna mashindano ambapo unapewa akapela, yaani sauti tupu bila biti, na stemu, yaani vipande vya wimbo kimoja kimoja, utengeneze biti mpya.

Uliza tempo ya asili, usikisie. Ukikosea kwa 0.5 tu, mwishoni mwa wimbo wa dakika tatu sauti imepishana na biti kwa zaidi ya pigo zima. Kunyoosha au kubana akapela kwa asilimia 10 hivi bado inavumilika. Zaidi ya hapo "t", "k" na "ch" zinaanza kupaka na mchanaji anasikika kama amekunywa dawa ya usingizi.

Badala ya kunyoosha, tumia uzidishaji. Akapela ya 90 inaingia kwenye singeli ya 180 bila kuguswa kabisa. Mchanaji anabaki kwenye mwendo wake wa kutembea, ngoma inakimbia chini yake. Watu wa Dar wanaoijua singeli watakuelewa mara moja. Amapiano ya 112 kwa akapela ya 90 ni kubana karibu robo nzima, na hapo unaua vesi ya mwenzako. Ukitaka amapiano, tafuta akapela iliyorekodiwa juu ya 105 hivi.

Rap kavu inakaa kwenye ufunguo wowote, lakini kiitikio kinachoimbwa hakikai. Tafuta noti ambayo kiitikio kinatulia mwishoni, uijengee besi hapo.

MP3 nayo ina mtego. Kuigeuza sauti kuwa MP3 kunaongeza ukimya mdogo mwanzoni, kama milisekunde 25, wakati mwingine zaidi. Ukipokea akapela ya MP3, usiipange kwa kuiweka mwanzo wa faili. Ipange kwa neno la kwanza lenye mkazo juu ya snea yako.

---

DadaWaSaifa

Jamani msisahau mitindo huru. Kuna mashindano yanayotaka video ya dakika moja ya papo kwa papo, na majaji wanajua iliyokaririwa. Inajulikana kwa sababu mchanaji haangalii chochote kilicho mbele yake na hakosei popote.

Kazi ya mitindo huru ni kufikiri mwisho kabla ya mwanzo. Wakati mdomo unamalizia mstari wa kwanza, kichwa tayari kimeshika neno la mwisho la mstari wa pili. Umeona "soketi" ukutani, unajua utaishia "tiketi", basi katikati unajaza njia ya kufika huko. Anayetafuta kina akiwa ameshafika kwenye snea ndiye anayeishia "yeah, yeah, unajua".

Zoezi la dakika 10 kila siku: chukua makapu ya KinaNaMizani, yaongeze yafike matano, maneno manane kila moja. Weka biti ya 85 mpaka 90. Mistari 4 kwa kila kapu, ukipita yote unarudi la kwanza bila kurudia mstari wowote. Siku ukishikwa, usisimame. Imba silabi tupu juu ya biti mpaka snea inayofuata, kisha ingia. Kusimama ndiko kunakofundisha ulimi kusimama.

Kurekodi saifa, yaani wachanaji wanaopokezana, ya watu wanne au watano kwa simu moja: spika ndogo iwe mita 2 nyuma ya simu, sauti ya chini kiasi cha kusikika tu, wachanaji wasimame nusu duara mbele ya simu. Kabla ya kuanza mmoja apige kofi moja kali juu ya pigo la kwanza. Kofi hilo ndilo utakalolipanga na biti safi baadaye. Kila mtu mistari 8, siyo 16. Anayefuata asogee mbele mwenzake akiwa kwenye mstari wa 7, ili pasiwe na shimo. Na asiyechana asipige kelele juu ya mstari wa mwenzake. Shangilia kwenye snea ya mwisho, baada ya kina, hapo kelele inanogesha rekodi.

---

PwaniMizani

Hiyo ya kushika neno la mwisho kwanza ni kweli kabisa, dada. Na isisahaulike kuwa mashindano ndiyo yaliyoibeba rap ya Kiswahili tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye shindano la Yo! Rap Bonanza jijini Dar, Saleh J alichana Kiswahili juu ya biti ya rapa wa Marekani, Vanilla Ice. Biti ya mtu mwingine, maneno mapya, jukwaa la shindano. Tunachokijadili hapa ni kitu hicho hicho.

---

KinaNaMizani

Kweli kabisa. Ila kuhusu biti ya mtu mwingine, tuwe wazi siku hizi. Biti ya YouTube iliyoandikwa "free" mara nyingi ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara na kwa kumtaja mtengenezaji. Ukiiweka kwenye majukwaa ya kulipia bila leseni, wimbo unaweza kushushwa au mapato yakaenda kwake. Stemu na akapela za shindano ni za shindano tu, isipokuwa masharti yaseme vinginevyo. Na soma sharti la umiliki: je, ukishindwa vesi inabaki yako, au mwandaaji anaweza kuitumia? Likiwa halijaandikwa, uliza kwa maandishi kabla ya kutuma. Maneno uliyoandika ni kazi yako. Kwa Tanzania masuala ya hakimiliki yako COSOTA, kwa Kenya yako KECOBO.

---

chipukizi_temeke

Nimewapata wakuu wote. La mwisho: prodyuza anapokea kwa WhatsApp. Nikituma inakuwa mbovu, na bando nalo dogo.

---

FundiMitambo

Usitume kama ujumbe wa sauti, WhatsApp inaubana mpaka herufi zinaliwa. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Nyaraka, kisha chagua faili lenyewe. Linakwenda kama lilivyo.

Sauti ni moja, kwa hiyo toa faili la mono, siyo stereo, 44.1 kHz, bit 24 (kipimo cha ubora wa faili, si biti ya ngoma). Hilo ni kama MB 8 kwa dakika. Stereo ingekula mara mbili bila faida.

Faili lianze sawasawa na mwanzo wa biti, ukimya wa utangulizi ukiwemo, ili yeye akiliweka tu kwenye sifuri likae mahali pake. Jina liwe na jina lako la kisanii, tempo na neno "kavu": chipukizi_140_kavu.wav. Kwako ni 140, andika 140, hata kama umechana kwa hesabu ya 70. Ambatisha na MP3 ndogo yenye sauti na biti pamoja, asikie ulivyokusudia mikazo ikae.